Mkono Kwenye Kana

Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, lina kaskazi yake na kusi yake, ila hazingoji miezi. Kaskazi, ambayo wenyeji huiita Pelèr, huamka usiku wa manane ikiteremka kutoka milimani na kuvuma mpaka karibu na adhuhuri. Ikitulia, ziwa hunyamaza kidogo, kisha Ora huingia kutoka kusini na kuvuma hadi machweo. Mvuvi wa Kigombe, kwetu kwenye pwani ya Tanga, angeuelewa mpango huo bila kufundishwa: ni ule umande unaomtoa alfajiri na ule upepo wa bahari unaomrudisha mchana. Tofauti ni kwamba hapa bahari ni ziwa refu na jembamba, kilomita 50 hivi kutoka kichwani mpaka miguuni, na kina chake kinafika mita 346.

Nilikwenda huko kwa ajili ya pepo hizo. Nilikuwa nimesikia kwamba wapo watu wasioona wanaozitumia kuendesha mashua wenyewe, bila mtu mwenye macho ndani. Mimi sioni, na ni mtoto wa mvuvi. Habari ya namna hiyo sikutaka kuishia kusimuliwa.

Binti wa kaka yangu anatunza wazee mjini Brescia. Alinichukua kwa treni hadi Desenzano, halafu tukapanda basi linalofuata ukingo wa magharibi: Salò, Gardone, Maderno. Njia nzima alinieleza yaliyoko dirishani kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa neno. “Shangazi, maji haya ni ya buluu mpaka yanaudhi.” Nikamwambia yaache yaudhi, aniambie upepo unatoka wapi. Akakaa kimya, kisha akasema bendera za hotelini zimelala. Hilo ndilo nililotaka.

Tulishuka Bogliaco, kijiji kilicho sehemu ya mji wa Gargnano. Eneo hili lilisifika zamani kwa malimau, na bado zipo nguzo ndefu za mawe ambazo juu yake wakulima walikuwa wakiweka mbao na vioo kila majira ya baridi ili miti isife. Nilipapasa moja, baridi yake ilinipanda mpaka kwenye kiwiko. Nyumba nzima kumjengea mlimau! Tanga mlimau huota hata mahali usipouhitaji.

Bandari ni ndogo. Kamba za milingoti zilikuwa zinagonga chuma, nami nikaanza kuhesabu mashua kwa milio yake, kwa mazoea tu.

Sina budi kusema mazoea hayo yametoka wapi. Surua ilinichukua macho nikiwa mtoto, kama ilivyowachukua watoto wengi wa kizazi changu kabla chanjo na matone ya vitamini A hayajafika kila kijiji. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Kwetu mwanamke hapandi ngalawa kwenda kuvua. Kazi yake ni kutembea mwambani maji yakipwa, achokoe pweza mashimoni. Mimi hata huko mwambani nilikatazwa, nisije nikachomwa na miiba. Baba ndiye aliyevunja marufuku zote mbili. Mama alipomuuliza nitafanya nini baharini usiku, alijibu kwamba usiku huko nje hata yeye haoni.

Alikuwa anasema kweli. Anayevua dagaa anahitaji karabai, lakini anayevua changu kwa mshipi anahitaji kidole. Unateremsha chubwi, unahesabu pima kwa mafundo uliyofunga mwenyewe kwenye uzi, unasikia risasi ikigusa chini, unapandisha kidogo, kisha uzi unaulaza juu ya kidole cha shahada. Changu hudonoa mara mbili tatu kabla ya kukata shauri. Chewa hana mchezo. Akishika tu anarudi shimoni, na usipomwahi amekwisha kuuzungusha uzi kwenye jiwe. Kolekole anakimbia nao mpaka kiganja kinaungua. Tasi anafyonza chambo kwa adabu, na ukimpandisha umshike kwa kitambaa maana miiba yake ina sumu. Yote hayo niliyajua kabla ya kujua kusoma nukta nundu.

Hata vifaa vinavyouzwa nje kwa wavuvi wasioona, nikivichunguza, vingi ni baba yangu aliyewekewa betri. Kuna kengele ndogo ya kubana kwenye ncha ya fimbo ya kuvulia, samaki akivuta inalia. Kuna mashine za kukunjia uzi zinazotoa mlio kwa kila kipimo cha uzi kinachotoka, badala ya mafundo. Kuna rula zenye alama za kupapasa za kumpimia samaki, na vitundu vya kuongozea uzi uingie kwenye jicho la ndoana. Kitundu hicho ningekifurahia sana; mimi nimezoea kuingiza uzi kwa ulimi, na ulimi umewahi kulipa. Lililobaki ni nidhamu: ndoana zichomekwe kwenye kipande cha sponji kwa ukubwa wake, kisu kiwe mahali kimoja tu, koleo la kutolea ndoana lifungwe kamba, na asiwepo mtu wa kuvihamisha kwa nia njema. Watu wa nia njema wamenipotezea visu vingi.

Kilichokuwa kinanishinda ni chombo chenyewe. Baba alivua nami miaka mingi lakini usukani hakunipa. Baada yake ikawa hata kupanda ni kazi. Wakala mmoja wa boti za abiria aliwahi kumuuliza aliyenisindikiza, “Huyu anashukia wapi?” hali mimi ndiye niliyekuwa nimeshika nauli. Abiria ambaye haulizwi hata anakokwenda hana tofauti na gunia la nazi, na kwa umri wangu nimechoka kuwa mzigo.

Huko Bogliaco, watu wa chama kinachowafundisha wasioona kuendesha mashua walianza kwa kunikalisha chini, si kwa kunipandisha. Mwalimu alinipa mashua ya mbao ya kiganjani yenye tanga la kitambaa, akaniwekea feni ndogo upande mmoja wa meza. Nikaigeuza mashua mpaka tanga likajaa, nikaigeuza tena mpaka likaanza kupigapiga, kisha likavuka upande wa pili. Alinifanya nirudie mpaka vidole vikachoka. Baadaye tukaenda kwenye mashua yenyewe, ikiwa imefungwa gatini, akaniacha niitambae peke yangu kutoka omo hadi tezi. Nilipata kila kamba na mahali pake. Aina hiyo huitwa Meteor, mashua ya fibaglasi ya mita 6 yenye mkuku mzito. Inalala upande lakini haipinduki kwa urahisi.

Chama chenyewe kinaitwa Homerus, kwa jina la yule mtunzi wa Ugiriki ya kale anayesemekana hakuwa na macho. Kilianzishwa miaka ya 1990 na baharia Mtaliano, Alessandro Gaoso. Kabla yake mchezo ulikuwa na desturi nyingine, na bado desturi hiyo ipo. Mashindano ya dunia ya wasioona yalianza New Zealand mwaka 1992, na kila chombo kina watu wanne: wawili hawaoni, na mmoja wao ndiye mwenye usukani, wawili wanaona, wanasoma upepo na kusema njia, lakini usukani hawaruhusiwi kuugusa. Ni utaratibu mzuri na mabingwa wake ni mabingwa kweli. Hata hivyo, kwa mawazo yangu, mkono ni wako na uamuzi ni wa kinywa cha mwingine. Gaoso alitaka kinywa hicho kishuke gatini.

Alichofanya si kigumu kukieleza. Maboya ya kuzunguka yanapiga milio, kila boya na mlio wake, ili ujue unaloliendea ni lipi. Mashua nazo zinapiga milio, na mlio hubadilika kufuatana na upande unaopokea upepo. Hapo ndipo penye akili. Kwa sheria za matanga, chombo kinachopokea upepo kwa kulia kina haki ya njia mbele ya kinachopokea kwa kushoto. Wenye macho hutazama tanga la mwenzao wakajua nani apishe. Wasioona wanasikiliza mlio, na sheria ni ileile moja bila kupunguzwa wala kuongezwa huruma.

Siku ya kwanza majini, binti wa kaka aliachwa nchi kavu, analalamika. Mwalimu akakaa nyuma yangu, akaweka mikono mifukoni, na akaniambia kwamba ameiweka mifukoni. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Akanishikisha kana, ule mkono wa usukani, nikashangaa ulivyo mwembamba kwa kazi uliyopewa.

Tukaanza na tatizo ambalo nadhani hakulitarajia. Alisema upepo unasikika vizuri zaidi masikioni na shingoni: masikio yote mawili yakivuma sawa, unauelekea. Mimi nina ushungi, na sikuwa na nia ya kuuvua. Akafikiri. Nikabadilisha ule mzito nikafunga wa pamba nyepesi, nikauacha ulegee kidogo mashavuni. Tulipotoka nje ya ukuta wa bandari, Pelèr ikaukamata. Ukawa unanipiga shavu la kushoto kwa kasi na la kulia umetulia. Nilipogeuza uso kidogo, yakapiga yote mawili. Nilikuwa nimevaa bendera yangu mwenyewe. Nikamwambia, naye akacheka, akaniomba aushike auone unavyofanya.

Halafu kana ikaanza kusema. Upepo ukizidi inavuta kiganja, chombo kinataka kuelekeza omo upeponi. Ukiilegeza, tanga linapigapiga na mwendo unakufa, na maji yaliyokuwa yanasikika kama kitambaa kinachochanwa yanageuka kuwa chuchuchu ya bombani. Ukiikaza sana, chombo kinalala na unausikia ubavu mmoja ukizama. Kati ya hapo na hapo pana upenyo mdogo ambamo kila kitu kinakubaliana: shavu, kiganja, makalio, sikio. Nilikuwa naupata na kuupoteza. Mwalimu hakusema kitu. Nilimsubiri aseme. Nilipogeuka kumuuliza niko sawa, upenyo ukanitoka mara moja, na ndipo nilipoelewa kwa nini ameninyamazia.

Kubisha, yaani kuvuka upepo na kuupokea upande wa pili, nilijifunza upesi kwa sababu mlio unabadilika na kukuthibitishia. Kwenda na upepo ndiko kunakotisha. Ukienda nao unaukimbia, kwa hiyo usoni unapotea. Ushungi ukafa, mashavu yakawa baridi sawasawa. Ni shingo tu iliyobaki kuniambia kitu, tena kwa mnong’ono. Na ndio wakati wa hatari, kwa kuwa upepo ukihamia upande mwingine wa tezi, boriti ya chini ya tanga inavuka kwa nguvu na kichwa kilichosimama njiani kinajuta. Tulikaa chini sana.

Boya nalo lina tabia zake. Boya lililo upande unakotoka upepo linaletewa sauti na upepo wenyewe. Unalisikia kwa mbali, unabishabisha kulifuata. Lililo upande unakokwenda upepo ni shida, sauti yake inapeperushwa upande usiokuwa wako. Kwa hiyo safari ya kwenda ina jasho lakini ina uhakika, na ya kurudi ni raha yenye wasiwasi. Boti za injini zikipita, na majira ya joto zinapita nyingi, boya linamezwa kabisa. Unashika mwelekeo uliokuwa nao na kuhesabu moyoni mpaka zipite. Sitaki kuusifu utaratibu huu kupita kiasi. Unahitaji umeme, unahitaji ukimya, na unahitaji mtu wa kuyatandaza maboya asubuhi na kuyaokota jioni.

Mezani usiku hadithi zilikuwa za bahari kubwa, kwani huko ndiko mabaharia wote huishia baada ya kula. Walimtaja Hank Dekker, Mmarekani aliyetoka San Francisco mwaka 1983 akafika Honolulu peke yake, na ramani za kupapasa. Walimtaja Mitsuhiro Iwamoto wa Japani, aliyepoteza macho akiwa kijana. Mwaka 2013 alijaribu kuvuka Pasifiki na mwenzake anayeona. Nyangumi akagonga chombo, kikazama, wakaokolewa. Akarudi. Tarehe 24 Februari 2019 aliondoka San Diego na mwenzake mwingine, Doug Smith, wakaingia Fukushima tarehe 20 Aprili bila kutia nanga popote, karibu kilomita 14,000. Smith alikuwa anaona lakini hakuwa baharia. Iwamoto ndiye aliyekuwa baharia. Napenda sana mgawanyo huo wa kazi.

Mimi nikawapa wa kwetu, wa Bahari ya Hindi: Geoff Hilton-Barber, mzaliwa wa Zimbabwe, aliyetoka Durban mwaka 1997 peke yake na kufika Fremantle, Australia, baada ya wiki saba hivi. Walikuwa wanamfahamu. Wasichokifahamu ni mwambao ulio juu ya Durban, na nilichukua muda kuwaeleza ngalawa: gogo lililochongwa, mikono miwili ya kulishikilia lisipinduke, tanga moja. Mmoja wao, kipofu tangu kuzaliwa, aliniuliza ikiwa ile mikono inagusa maji ikilala. Nikamwambia ndiyo, na ule wa upande wa chini unaimba. Akasema basi tayari chombo chenu kina kipimo cha upepo. Sikuwahi kuliwaza hilo, na mimi ndiye mwenye ngalawa.

Uvuvi niliupata kwa bahati. Gatini alikuwapo mzee aliyestaafu, mwenye mtumbwi wa makasia na kifaa kinachoitwa tirlindana. Ni mshipi, lakini wa shaba: waya unazungushwa kwenye gurudumu la mbao, na kutoka kwenye waya zinaning’inia nyuzi fupi zenye vijiko vya bati vinavyong’aa, ambavyo samaki huvidhania dagaa. Zamani maziwa mengi ya huko yalivuliwa hivyo. Unapiga kasia taratibu, uzito wa shaba unazamisha vijiko mbali chini.

Aliniwekea waya juu ya kidole cha shahada. Palepale. Sijui kama aliwahi kumwekea mtu mwingine hivyo au alinitazama tu akaona mkono wangu umekwishajiweka tayari. Waya ulikuwa unatetema. Kila kijiko kinachozunguka huko kizani kilikuwa kinaleta habari zake, tena wazi kuliko nailoni, kwa kuwa shaba hainyumbuki kama nailoni inavyonyumbuka. Kijiko kilipokamata magugu, sehemu moja ya mtetemo ikafa na nyingine zikaendelea. Nikasema, “Kimoja kimekwama.” Mzee akavuta, akakuta ni kweli, akaguna. Baadaye kidogo kikaja kitu kilichodonoa mara moja, kikaondoka na waya kwa upande. Tulimpandisha polepole: trauti mdogo. Mzee alimlaza ukingoni mwa mtumbwi, mahali alipochonga mapengo mawili ya kupimia urefu unaoruhusiwa. Aliyachonga, alisema kupitia kwa binti wa kaka yangu, tangu macho yake mwenyewe yalipoanza kuchoka na rula. Nikayagusa. Samaki hakufika pengo la pili, tukamrudisha majini.

Siku yangu ya mwisho walitupa mashindano ya kirafiki, mashua mbili, Ora ikiwa imeingia vizuri. Mimi nilishika kana, mwenzangu asiyeona kutoka Verona alishika matanga. Mwalimu alikuwa kwenye boti ya uokozi, mbali kiasi cha kutosha. Tulianza kwa kuchelewa. Katikati ya kubisha nikasikia mlio wa wenzetu ukija kutoka kushoto, mlio wa upepo wa kushoto, na wetu ulikuwa wa kulia. Haki yetu. Hawakupisha. Mlio ulikuwa unakua, na mtu wa Verona akapiga kelele kwa Kiitalia, maneno ambayo binti wa kaka baadaye alikataa kunitafsiria. Wakageuza dakika ya mwisho. Nilisikia tanga lao likipiga hewa na mtu akianguka juu ya kamba. Kwa mkanganyo huo tulifika boya la juu mbele yao, tukalipita kwa kulia, nusura niliguse.

Tukashindwa wakati wa kurudi. Boti ya watalii ilipita, boya la chini likapotea, na mimi nikashika mwelekeo niliokuwa nao, ambao haukuwa wenyewe. Mpinzani wetu aliyeanguka kwenye kamba alikuja gatini kunipa mkono na kuniambia kwamba ile haki ya njia alikuwa anaijua, ila alitaka kuona kama na mimi ninaijua.

Jioni nilimpigia kaka simu, Kigombe. Ana ngalawa yake. Nikamweleza maboya yanayolia.

“Dada, hilo boya lako usiku wa kwanza tu betri imekwenda kuwasha redio ya mtu.”

Nikamwambia basi adhana. Tukiwa nje ya mwamba tunaisikia siku za kusi nyepesi.

“Adhana ni mara tano. Ukipotea saa nne asubuhi utasubiri adhuhuri?”

Tukafikiri. Akasema filimbi. Mwanawe wa mwisho akae chini ya mkungu, apige kila baada ya muda, na akichoka ampokee mwenzake. Nikasema na apande upande unakotoka upepo, sauti itufuate. Akaniuliza hilo nimelijulia wapi. Akanyamaza, halafu akaanza kutoa masharti: tungoje maji mafu; tuanze ndani ya mwamba, si nje; yeye atakaa mbele na hatasema neno mpaka tukaribie kugonga; na chambo nitanunua mimi.